Nauli ya Kurudi Buha

Kwa watu wa Kibondo na Kasulu, katika nchi ya Waha iitwayo Buha, waliokwenda kufanya kazi katika mashamba na viwanda vya mkonge, msaada mkubwa uliotambuliwa na sheria pale ajira ilipokwisha ulikuwa nauli ya kurudi kwao. Tanzania haijawahi kuwa na mpango maalumu kwa wanaopoteza kazi kwa sababu ya biashara ya nje. Historia ya msaada huo ni historia ya vifungu vya jumla vilivyoongezwa kidogo kidogo, huku pengo likizibwa na mashamba ya familia.

Mkonge uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ukaota vizuri karibu na Tanga, mbali kabisa na Buha. Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, umbali huo ukawezekana kusafiriwa. Kodi ya kichwa ilidai fedha taslimu, zao la biashara halikuwepo la kutosha, na katika miaka ya 1930 malale yalisababisha watu wa Kibondo kuhamishiwa katika makazi ya pamoja. Vijana wakaenda Tanga na Morogoro.

Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha SILABU, ofisi ya kuandikisha vibarua, na Buha ikawa moja ya maeneo yake makubwa. Manamba, yaani vibarua wa mkataba, walikata mkonge, walihudumia korona, mashine ya kutoa nyuzi, walianika singa na kufunga marobota. Mkataba ulimtaka mwajiri agharamie safari ya kwenda na kurudi, kanuni iliyotiwa nguvu na mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1936. Aliyekwenda kwa miguu yake, bila mkataba, hakuwa na nauli ya kudai.

Hata kabla ya SILABU, ulinzi wa vibarua ulikuwa dhaifu pale ulipohitajika zaidi. Idara ya Kazi ya Tanganyika, iliyoanzishwa mwaka 1926 chini ya Meja Granville Orde-Browne, ilifutwa mwaka 1931, wakati mdororo wa dunia ulipokuwa umeangusha bei ya mkonge na vibarua wakipunguzwa. Ilirudishwa mwaka 1938.

Baada ya Uhuru, sheria zilibadilika haraka. Mwaka 1962 Bunge lilipitisha sheria ya kiinua mgongo kwa mfanyakazi anayeachishwa kazi. Mwaka huohuo Marekani, chini ya Rais Kennedy, ilianzisha msaada wa mafunzo na posho kwa wafanyakazi walioumizwa na bidhaa za kutoka nje, mpango wa aina ambayo Tanganyika haikuwa nayo. Huku kwetu, mwaka 1964 ulileta Shirika la Akiba ya Wafanyakazi, NPF, pamoja na sheria ya usalama wa ajira. Zilikuwa hatua za maana, lakini zilimfaa zaidi mwenye utumishi mrefu usiokatika. Manamba wa mkataba mfupi alivuna kidogo.

Nazo zilitungwa mlangoni mwa anguko. Mwaka 1964 nchi ilizalisha karibu tani 230,000 za mkonge. Kisha nyuzi za plastiki zikachukua soko la kamba za kufungia nyasi na nafaka Ulaya na Amerika, Brazil nayo ikauza kwa wingi, na bei ikaporomoka. Kima cha chini cha mshahara kilichoanza mwaka 1963 kilikuwa tayari kimewafanya waajiri wapendelee vibarua wachache wa kudumu. Maelfu walipunguzwa. Serikali ilitaifisha sehemu kubwa ya mashamba mwaka 1967, lakini dola haikuweza kuamuru bei ya London. Katikati ya miaka ya 1980 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 40,000.

Baadhi ya Waha walibaki Tanga na kuzeeka kambini. Waliorudi walipokewa na mihogo, maharage na ndizi zilizolimwa na mama zao na wake zao. Mishahara ya mkonge ilikuwa midogo kwa sababu ilihesabiwa kwamba familia inajilisha nyumbani. Ajira ilipokwisha, mashamba yaleyale yakawa bima. Wanawake wa Buha waliilipia biashara hiyo mara mbili, na hakuna hazina iliyowarudishia gharama. Operesheni Kigoma ya mwaka 1972, iliyowahamishia watu katika vijiji vya ujamaa, iliwakuta wengi wakianza upya.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, bado imebeba alama za enzi hiyo: mwajiri anayesitisha ajira anatakiwa kumsafirisha mfanyakazi hadi alikoajiriwa au kumlipa nauli. Kiinua mgongo ni angalau mshahara wa siku saba kwa kila mwaka wa kazi, hadi miaka kumi. Mwaka 2018 marekebisho ya sheria ya NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, yaliongeza fao la kukosa ajira: asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita, kwa mwanachama aliyechangia angalau miezi 18 na ambaye hakuacha kazi kwa hiari. Kibarua asiyeandikishwa katika mfuko hapati fao hilo.