Bti

Bti, kifupi cha *Bacillus thuringiensis israelensis*, ni bakteria wa udongoni anayetumika kuua viluwiluwi vya mbu katika madimbwi na ardhioevu bila kukausha maji wala kufukia makazi ya viumbe wengine. Aligunduliwa mwaka 1976 katika jangwa la Negev, Israeli. Bakteria huyu hutengeneza fuwele za protini; kiluwiluwi kikizimeza, utumbo wake wenye hali ya alikali huziyeyusha, sumu hutoboa kuta za utumbo, nacho hufa, mara nyingi ndani ya siku moja. Pupa, yaani mbu katika hatua inayofuata ile ya kiluwiluwi, hali chochote, kwa hiyo dawa iliyochelewa kunyunyizwa haimpati.

Katika bonde la Rhine ya Juu, Ujerumani, Bti hugandishwa kuwa chembe za barafu na kumwagwa kwa helikopta. Chembe hizo hupenya majani ya misitu iliyofurika hadi majini. Dar es Salaam imeitumia dhidi ya mbu wa malaria.

Kwa vipimo vya kawaida haiwadhuru samaki, vyura wala ndege moja kwa moja. Hata hivyo, inaweza kupunguza visubi wasiouma, ambao ni chakula cha wanyama wengi. Huko Camargue, Ufaransa, watafiti walikuta mbayuwayu wa maeneo yaliyonyunyiziwa wakilea makinda wachache zaidi.