Mizani na moyo unaopapatika

Juma hili, wasikilizaji na wasomaji wangu, nataka tuzungumze juu ya kilo. Si kilo za sukari wala za unga, ambazo nimezisema hapa mpaka baadhi yenu mmechoka nami, bali kilo za miili yetu wenyewe.

Mama mmoja ameniandikia kuwa baba yake, mtu mzima wa mwili mkubwa, alipimwa akaambiwa kwamba mapigo ya moyo wake hayana mpangilio, na daktari akamtaka apunguze uzito. Mzee amekataa katakata. Sababu ya kukataa ni kuwa mjukuu wake amemsomea habari kwamba wataalamu wa ng'ambo wamegundua wagonjwa wanene wa maradhi hayo huishi zaidi kuliko wembamba. "Sasa nikonde ili nife?" ndiyo kauli ya mzee. Mama anauliza kama habari hiyo ni ya kweli au ni uzushi.

Uzushi sio. Habari hiyo ipo, na imeandikwa na watu wenye elimu yao. Lakini ina historia, na asiyeijua historia hiyo ataisoma kichwa chini miguu juu.

Kwanza maradhi yenyewe. Moyo una vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Kwa mtu mwenye afya, vyumba vya juu hubana kwanza vikasukuma damu chini, kisha vya chini navyo hubana vikaisukuma mwilini. Katika maradhi haya vyumba vya juu havibani tena, vinatetemeka tu kama samaki aliyetolewa majini. Ndiyo maana mimi nitayaita mpapatiko. Ukimshika mgonjwa mkono utasikia mapigo mawili ya haraka, moja limechelewa, jingine halisikiki kabisa. Damu inayotuama katika chumba kinachopapatika huweza kuganda, na bonge lake likichomoka likafika kwenye ubongo, mtu hupigwa na kiharusi. Wapo wasiohisi lolote mpaka siku hiyo.

Madaktari waliyajua mapigo hayo ya ovyo zamani, ila hawakujua yanatoka wapi. James Mackenzie, daktari wa kawaida katika mji wa viwanda wa Burnley, Uingereza, alitumia miaka mingi akichora mapigo ya mishipa ya wagonjwa wake kwa chombo cha wino, akaona kwamba chumba cha juu cha moyo kimeacha kufanya kazi yake. Willem Einthoven wa Leiden, Uholanzi, ndiye aliyeunda chombo cha kunasa umeme wa moyo, na mwaka 1906 akachapisha mchoro wa moyo wa namna hiyo. Mwaka 1909 Thomas Lewis wa London akathibitisha kwamba kinachotokea ni mpapatiko. Bwana huyo hakutosheka na binadamu, akaenda kuwachunguza hata farasi, maana nao hupatwa. Katika kisa chote hicho hakuna aliyeuliza mgonjwa ana kilo ngapi.

Mizani iliingia kwa mlango mwingine. Adolphe Quetelet, Mbelgiji aliyekuwa mtaalamu wa nyota na hesabu, aliona katika miaka ya 1830 kwamba kwa watu wazima uzito huenda sambamba na kimo kilichozidishwa kwa chenyewe. Yeye hakuwa akitafuta wanene. Alikuwa akimtafuta mtu wa wastani, yaani yule mtu ambaye takwimu zote zikijumlishwa hubaki katikati. Hesabu yake ililala zaidi ya miaka 100, mpaka mwaka 1972 Mmarekani Ancel Keys na wenzake walipoifufua na kuipa jina inalotumia leo katika kila kliniki: kilo zako, gawa kwa kimo chako cha mita kilichozidishwa kwa chenyewe. Ukipata 30 au zaidi unaitwa mnene kupita kiasi. Hata yule kijana wa kando ya barabara anayetupima kwa sarafu, na ambaye siku moja alinitangazia kilo zangu kwa sauti ya mnada, siku hizi ana karatasi yenye hesabu hiyo.

Uzito na mpapatiko vilikutanishwa huko Framingham, mji mdogo wa jimbo la Massachusetts, Marekani. Tangu mwaka 1948 watafiti waliwaandikisha wakazi 5,209 wa mji huo, wakawa wanawapima kila baada ya miaka miwili na kuandika nani kaugua nini na nani kafa. Ni kazi ya subira ambayo nchi nyingi haziiwezi. Mwaka 1978 daftari hizo zilionyesha kwamba mpapatiko, hata kwa mtu asiye na ubovu wa vali za moyo, huongeza hatari ya kiharusi zaidi ya mara tano. Mwaka 2004 zikaonyesha jambo la pili: kila hesabu ya Quetelet inapopanda kwa 1, hatari ya kupata mpapatiko hupanda kwa takriban asilimia 4. Watafiti walipoangalia pia upana wa chumba cha juu cha kushoto cha moyo, wakaona njia inayopitwa. Unene hukipanua chumba hicho, na chumba kilichopanuka ndicho kinachopapatika.

Mpaka hapo mambo yalikuwa wazi. Unene huleta maradhi, basi unene ni adui. Lakini mwaka 2002 madaktari wa Marekani waliokuwa wakizibua mishipa ya moyo iliyoziba walikuta kwamba wagonjwa wao wanene walipona vizuri kuliko wa uzito wa kawaida. Wakaliita jambo hilo kitendawili cha unene. Mwaka 2010 waliochambua takwimu za jaribio moja kubwa la Marekani na Kanada la tiba ya mpapatiko walikuta vivyo hivyo. Mwaka 2016 yakachambuliwa matokeo ya wagonjwa wapatao 18,000 wa nchi nyingi waliokuwa wakilinganishiwa dawa mbili za kuzuia damu kuganda, na hapo pia wanene walikufa kwa uchache kuliko wa uzito wa kawaida. Hii ndiyo habari aliyosomewa mzee wetu.

Sasa tukumbuke Uganda ya miaka ya 1980. Ukimwi ulipoanza kuonekana huko, watu waliuita "Slim", kwa kuwa mgonjwa alikonda mpaka nguo zikamshinda. Je, yuko aliyesema kwamba kukonda ndiko kulikoua? Kila mtu alielewa kuwa kukonda ni moshi na moto uko kwingine. Sisi ambao kwa desturi zetu mtu akinenepa tunamwambia ameneemeka, na akikonda tunanong'ona, tulijua somo hilo kabla ya kuletewa takwimu.

Yamkini ndivyo ilivyo kwa sehemu kubwa ya wagonjwa wembamba wa mpapatiko. Mzee wa miaka 80 mwenye kilo 50 aghalabu hakuwa na kilo 50 maisha yake yote. Amekondeshwa na moyo uliochoka, na figo, na saratani ambayo haijagunduliwa, na kukosa hamu ya kula. Ukimweka katika orodha kando ya mtu wa miaka 60 mwenye kilo 100, unawalinganisha watu wawili ambao hawafanani kwa lolote ila jina la ugonjwa. Isitoshe, mnene mara nyingi huugua mapema, hivyo huingia katika orodha akiwa bado ana nguvu, na kwa sababu ya presha au kisukari huwa keshaanza kuonwa na daktari. Orodha za namna hii huanza kuhesabu pale mtu alipokwisha kuugua. Swali la nani angeweza kutougua kabisa halimo ndani yake. Wataalamu wengine wanaamini kuwa akiba ya mafuta humsaidia mgonjwa anapozidiwa. Huenda iko sehemu ya kweli hapo, lakini mimi nisingeweka maisha ya baba yangu rehani kwa hilo.

Kulitegua fumbo hili ilibidi watu wapunguzwe uzito kweli, kisha watazamwe. Kazi hiyo imefanywa zaidi mjini Adelaide, Australia. Mwaka 2013 walichapisha matokeo ya wagonjwa 150 waliogawanywa kwa bahati nasibu: waliosimamiwa kupunguza uzito walipata nafuu ya dalili kuliko waliopewa ushauri tu. Mwaka 2015 wakatoa habari za wagonjwa 355 waliofuatiliwa kwa muda mrefu. Waliopunguza asilimia 10 ya uzito au zaidi, wakabaki hapo, uwezekano wao wa kuishi bila mpapatiko kurudi ulikuwa mara sita ya wengine. Asilimia 10 kwa mtu wa kilo 100 ni kilo 10, si mzaha, ila pia si kukonda. Na ambao uzito wao ulipanda na kushuka, leo wamefunga kula kesho wamerudia mapochopocho, walipoteza sehemu ya faida hiyo.

Kwa hiyo mzee apunguze, taratibu, chini ya macho ya daktari wake. Na siku kilo zikianza kumtoka bila yeye kuzitafuta, hapo familia isipige vigelegele. Impeleke hospitali, kwani huko si kupunguza, ni kupungukiwa. Yako hata madawa yanayojali jambo hili. Apixaban, mojawapo ya dawa mpya za kuzuia damu kuganda, hupunguzwa nusu mgonjwa akiwa na mawili kati ya haya matatu: miaka 80 au zaidi, kilo 60 au pungufu, na figo zilizodhoofika kufikia kiwango fulani. Mgonjwa mwembamba asiyepimwa anaweza kutoka damu kwa dawa iliyokusudiwa kumwokoa.

Nimesema juu ya Framingham na Adelaide, lakini nyumbani hali ina sura nyingine. Taarifa iliyochapishwa mwaka 2016, ya wagonjwa zaidi ya 15,000 wa mpapatiko katika nchi 47, ilionyesha kwamba barani Afrika mgonjwa mmoja kati ya watano alikufa ndani ya mwaka mmoja, ilhali Amerika ya Kaskazini alikuwa mmoja kati ya kumi. Wa Afrika walikuwa wadogo kwa umri kwa takriban miaka 10, na wengi zaidi walikuwa na vali za moyo zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi, ile inayoanza kwa koo la mtoto lisilotibiwa. Hao si wazee wala si wanene. Ni akina mama wa miaka 30 na 40, na mjadala wa kitendawili cha unene haukuwahusu kamwe. Mwaka 2022 jaribio lililofanywa kwa wagonjwa kama wao katika Afrika, Asia na Amerika ya Kusini lilionyesha kwamba dawa kongwe za jamii ya warfarin ziliwalinda na kifo kuliko dawa mpya iliyolinganishwa nazo. Kiasi cha warfarin hakikadiriwi kwa kilo za mgonjwa. Hukadiriwa kwa kupima damu yake mara kwa mara, na kipimo hicho zahanati zetu nyingi hazina.