Mbele na Nyuma: Asili ya Istilahi Mbili za Mwenendo wa Gari la Mashindano

Mfasiri mmoja alituletea kijitabu cha mafunzo ya udereva wa magari ya mashindano, akaomba tumkagulie istilahi zake. Kazi yake ilikuwa safi, isipokuwa mahali pawili. Gari ambalo halikubali kuifuata kona, bali hunyoosha kuelekea ukingo wa nje wa njia, aliliita gari lenye “usukani mgumu”. Na lile ambalo mkia wake hukimbilia nje hata likakaribia kugeuka nyuma mbele, aliliita lenye “usukani mwepesi”. Fundi akiyasoma maneno hayo ataufungua usukani na kuutia grisi. Kumbe usukani ni mzima, na kasoro imo katika uchaguzi wa matairi. Dereva atarudi uwanjani na hatari ile ile. Kwa hiyo tumeona ni vema kueleza maneno hayo yalikotoka.

Gari linapokata kona, tairi haliendi hasa kule linakoelekezwa. Mpira hupindika pale unapogusa ardhi, na gurudumu husogea upande kidogo. Tofauti baina ya uelekeo wa gurudumu na njia linayoipita ndiyo tunayoiita hapa pembe ya mtelezo. Mfaransa Georges Broulhiet alilieleza jambo hili mwaka 1925. Katika miaka ya 1930 likaendelezwa na Maurice Olley, mhandisi Mwingereza aliyejiunga na General Motors ya Marekani mwaka 1930 baada ya kufanya kazi Rolls-Royce. Pembe ya mbele ikiwa kubwa kuliko ya nyuma, gari hunyoosha. Ya nyuma ikizidi, gari hupinda kuliko alivyokusudia dereva. Kila hali ikapewa jina la Kiingereza lililoundwa kwa kitenzi cha kuongoza chombo, moja likitanguliwa na kiambishi cha upungufu, la pili na kiambishi cha kupita kiasi. Hapo ndipo mtego ulipo: majina yanataja uongozaji, lakini maana yake ni uhusiano wa magurudumu ya mbele na ya nyuma.

Historia ya mashindano ya Formula One inathibitisha hayo. Mwaka 1976 timu ya Tyrrell ilishindana kwa gari la magurudumu sita, P34, lililosanifiwa na Derek Gardner. Mbele lilikuwa na magurudumu manne madogo ya inchi 10, yaliyojificha nyuma ya bawa la mbele ili kupunguza ukinzani wa hewa. Nyuma lilikuwa na mawili ya ukubwa wa kawaida. Mwaka huo huo Jody Scheckter na Patrick Depailler walishika nafasi ya kwanza na ya pili katika mashindano ya Sweden. Lakini matairi yale madogo yalitumiwa na timu hiyo peke yake. Kampuni ya Goodyear iliendelea kuyaboresha matairi makubwa yaliyotumiwa na wengi, na yale madogo yakabaki nyuma. Hivyo mshiko wa nyuma ukakua kuliko wa mbele, na mwaka 1977 gari likawa linanyoosha katika kona. Lilimaliza msimu huo bila ushindi hata mmoja. Ubora wa matairi ya nyuma, ambao peke yake ungekuwa neema, uliuharibu urari wa gari zima.

Mfano wa pili ni kinyume chake. Kuanzia mwaka 1998 kanuni zilidai matairi yenye mifereji ili kupunguza mwendo katika kona, na tangu mwaka 1999 kila tairi lilikuwa na mifereji minne. Mwaka 2009 mifereji ikaondolewa, yakarudi matairi ambayo mitaani tungeyaita vipara. Upana haukubadilishwa. Kwa kuwa tairi la mbele lilikuwa jembamba kuliko la nyuma, mifereji ile ilikuwa imelinyang’anya sehemu kubwa zaidi ya uso wake. Ilipoondolewa, mbele kukafaidika zaidi. Ili kurudisha urari, mwaka 2010 tairi la mbele lilipunguzwa upana kutoka milimita 270 hadi 245.

Ni kweli kwamba springi, mabawa na mgawanyo wa uzito navyo huathiri urari huo. Lakini athari hizo zote hupitia mwishowe katika matairi. Kwa hiyo tunapendekeza istilahi zinazotaja mahali penye kasoro: *mtelezo-mbele* na *mtelezo-nyuma*. Kwa kuwa ncha zote mbili za gari huteleza kidogo katika kila kona, fasili haina budi kusema wazi kwamba mtelezo wa ncha moja umeuzidi wa nyingine.

Sentensi ya mfasiri wetu sasa inasomeka hivi: “Gari likiwa na mtelezo-mbele, ongeza mshiko wa matairi ya mbele, au punguza ule wa nyuma.” Fundi akiisoma, ataanza kazi yake kwenye magurudumu. Wasomaji wenye istilahi bora zaidi wanakaribishwa kutuandikia.