Bati, Moto na Uimara: Historia Fupi ya Ukarabati wa Bodi za Magari Yaliyogongana

Historia ya ukarabati wa bodi za magari huelezwa mara nyingi kama historia ya zana: nyundo, mashine ya kuvutia, kisha vipimo vya kompyuta. Insha hii inaona kwamba badiliko kubwa lilianzia kiwandani, pale nguvu za gari zilipohamishwa kutoka kwenye chasisi kwenda kwenye bati lenyewe.

Land Rover ya mwaka 1948 inadhihirisha mpango wa zamani. Uimara wake ulikuwa katika chasisi, na bodi ya alumini ilifungwa juu yake kwa bolti. Fundi alilifungua bati lililobonyea, akalinyoosha kwa nyundo huku amekinga chuma upande wa pili. Hata kazi ikiwa mbaya machoni, na nyingi zilikuwa hivyo, gari halikupungukiwa nguvu.

Citroën Traction Avant ilikuwa imekwisha kuiacha njia hiyo mwaka 1934. Peugeot 404 ya mwaka 1960, iliyoshinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mara nne kati ya 1963 na 1968, nayo haikuwa na chasisi ya pekee: sakafu, nguzo na paa vilichomelewa pamoja vikabeba mzigo wote.

Bati la magari hayo lilikuwa bado laini, na moto wa gesi ulikuwa msaidizi wa fundi: chuma kilipashwa, kikalegea, kikavutwa. Chuma chenye boroni kilichomo katika nguzo za magari mengi ya sasa ni kingine kabisa. Hupata ugumu wake kwa kupashwa joto kali na kupozwa ghafla kiwandani. Kikipashwa tena gereji, ugumu huo hupotea, na baada ya puti na rangi hakuna jicho linaloweza kuutambua upungufu. Ndiyo maana watengenezaji huagiza kipande hicho kibadilishwe.

Mwaka 2017, baraza la waamuzi mjini Dallas, Marekani, liliitia hatiani gereji iliyobandika kwa gundi paa la Honda Fit ya mwaka 2010, lililoharibiwa na mvua ya mawe, ilhali mtengenezaji aliagiza lichomelewe. Wanandoa walioinunua ikiwa imetumika hawakujua lolote hadi walipojeruhiwa vibaya ajalini mwaka 2013. Mnunuzi wa gari lililotumika Mombasa au Dar es Salaam yumo katika hali hiyohiyo: rangi anaiona, mchomeleo ulio chini yake haumwonekanii.