Tarehe ya Madirisha Yasiyofunikana

Mtu anayeliacha eneo-kazi la mazoea katika kompyuta yake, lenye upau wake, vijipicha vyake na madirisha yanayolaliana, akahamia programu inayoyapanga madirisha ubavu kwa ubavu hata yakaenea kioo kizima pasi na moja kulifunika jingine, aghalabu hudhaniwa kuwa amefuata mtindo mpya wa vijana wapendao kibodi kuliko kipanya. Dhana hiyo haina insafu. Desturi anayoihamia ni kongwe. Iliwahi kuwa sheria katika nyumba mbili kubwa za kazi hii, ikatupwa, kisha ikasalimika kwa sababu inayostahili kutajwa kwa heshima.

Kisa kinaanzia Palo Alto, California, katika maabara ya kampuni ya Xerox, ambamo katika miaka ya 1970 Alan Kay na wenziwe waliounda lugha ya Smalltalk waliyafanya madirisha yapandane mithili ya karatasi juu ya meza. Lakini si wote wa nyumba hiyo walioifuata njia yao. Mfumo wa Cedar, uliozaliwa humo humo, uliyapanga madirisha katika safu zilizopakana. Na wale walioijaribu mashine ya Xerox Star kabla ya kuuzwa waliona kwamba watumiaji walipoteza wakati mwingi wakiyasogeza madirisha, na kwamba takriban kila mara waliyasogeza ili yasifunikane. Basi Star ilipotolewa mwaka 1981, kwa bei iliyozidi dola 16,000, ilikuja na kanuni kwamba dirisha la kazi halikai juu ya jingine. Nauona ushahidi huo kuwa mzito kuliko hoja nyingi zilizotolewa baadaye, maana ulitokana na mikono ya watu waliokuwa kazini.

Scott McGregor, aliyetoka Xerox akaajiriwa na Microsoft kuongoza ujenzi wa Windows, alikwenda na kanuni hiyo, na toleo la kwanza, la Novemba 1985, likayapakanisha madirisha yote, isipokuwa visanduku vya ujumbe vilivyoruhusiwa kuelea juu. Toleo la pili, la Desemba 1987, liliiacha. Macintosh ya mwaka 1984 ilikwisha kuwazoeza wanunuzi madirisha yapandanayo, na vioo vya siku zile vilikuwa vidogo mno: kile cha Macintosh kilikuwa cha inchi 9, nukta 512 kwa 342, na ukikigawa mara tatu, kila dirisha hubaki na nafasi finyu. Mwaka 1986 Sara Bly na Jarrett Rosenberg, wote wa Xerox, walichapisha jaribio lililoonyesha kwamba kazi ambayo yaliyomo yanaenea vizuri dirishani humalizwa upesi zaidi madirisha yakipakana, ilhali ile inayodai kuyasogezasogeza madirisha huwafaa wazoefu yakipandana. Soko halikungoja upambanuzi wa namna hiyo. Hukumu iliyotolewa juu ya vioo vidogo ikaachwa isimame juu ya vioo vyote.

Kilichoiokoa desturi ni uamuzi uliofanywa mahali pengine, katika chuo cha MIT, ambako Bob Scheifler na Jim Gettys waliuanzisha mfumo wa X mwaka 1984. Mfumo huo, ambao toleo lake la 11 lilitoka Septemba 1987, hujua kuchora dirisha, kulisogeza na kupokea herufi za kibodi, bali hauna shauri lolote juu ya mahali dirisha likae. Shauri hilo huachiwa programu ya kando, ambayo mtumiaji aweza kuiondoa na kuweka nyingine asiguse kilicho chini yake. Mwaka 1988 maabara ya Siemens ya Princeton ilikwisha kuitumia ruhusa hiyo kujenga mpangaji wa madirisha yapakanayo. Mtu aliyejaliwa uwezo wa kuwaamulia wote, naye akajizuia kwa hiari yake, ni nadra katika kazi yoyote, na kwangu mimi hiyo ndiyo fadhila kubwa ya waundaji wa X.

Miaka ya 1990 ilikuwa zama za eneo-kazi kamili. KDE, iliyotangazwa na Matthias Ettrich Oktoba 1996, na GNOME ya Miguel de Icaza na Federico Mena, iliyofuata Agosti 1997, zilikusudia kumpa mtumiaji wa Linux kila kitu mahali pamoja, na zilifaulu. Hata hivyo waandishi wa programu, ambao mchana kutwa hukaa mbele ya terminali kadhaa, walitaka kingine. Zikatoka programu za kuyapakanisha madirisha: ratpoison ya Shawn Betts na Ion ya Tuomo Valkonen. Mwaka 2006 dwm ya Anselm R. Garbe, iliyojiwekea mpaka wa mistari 2,000 na ambayo hubadilishwa kwa kuuhariri msimbo wenyewe na kuujenga upya. Mwaka 2007 xmonad, iliyoandikwa kwa lugha ya Haskell. Na mwaka 2009 i3 ya Michael Stapelberg, ambayo kwa maoni yangu ndiyo iliyowafungulia wengi mlango, kwa kuwa mipangilio yake ni faili la maandishi matupu na mwongozo wake umeandikwa kwa kumjali msomaji.

Ahamiaye humo hulipa gharama yake mapema. Eneo-kazi lilikuwa likimfanyia kimya kimya mambo asiyoyahesabu, kama kuunganisha Wi-Fi, kuonyesha chaji ya betri, kufunga kioo na kumwarifu ujumbe uingiapo, na yote hayo sasa hana budi kuyatafutia programu moja moja, huku vidole vikijifunza amri mpya. Akishavumilia, dirisha lifunguliwapo yaliyopo hujipunguza kulipisha, na lifungwapo majirani hujaza nafasi yake, naye huendelea na kazi pasi na kuunyoosha mkono kwenye kipanya.

Hifadhi ile ya zamani, ambayo desturi hii iliipata katika X, sasa imebadilika. Katika Wayland, iliyoanzishwa na Kristian Høgsberg mwaka 2008 ili ichukue mahali pa X, mpangaji wa madirisha na mwenye kuchora kioo ni programu moja, hata atakaye kupanga madirisha tu hulazimika kubeba pia kazi nzima ya michoro, kibodi na vioo. Drew DeVault, aliyeiandika Sway ili wazoefu wa i3 wahamie Wayland na faili lao la mipangilio, aliukabili mzigo huo pamoja na wenziwe kwa kuitenga sehemu ngumu katika maktaba iitwayo wlroots, ambayo yeyote aweza kujenga mpangaji wake juu yake. Sway 1.0 ilitoka Machi 2019 juu ya maktaba hiyo, na wapangaji wengine kadhaa wamejengwa juu yake.