Sertifika Inabeba Jina la Nani?

Wenzangu tuliosoma historia, kuna wanaonicheka kwamba nimeishia kuwa komisioneri wa nyumba hapa Bukavu. Basi. Kazi imenifundisha kusoma archive kuliko auditoire ilivyonifundisha. Na archive ninayoisoma zaidi ni sertifika ya parsele, hasa ile inayoletwa na watu wawili ambao hawataki tena kukaa kwenye kiti kimoja.

Kila nyumba ya ndoa iliyovunjika inaanza na swali lile lile: jina la nani liko juu? Karibu kila mara ni la papa. Watu wanasema “ni desturi,” wanapita. Desturi nayo ina tarehe zake.

Kwa Bushi, kabla ya mji, kulikuwa na kalinzi. Mwanamume alimpa mwami au chifu ng'ombe, akapata ardhi atakayorithisha wana wake. Mwanamke alilima hapo, ardhi ikabaki ya ukoo wa mume. Bwasa nayo ilikuwa shamba la muda tu. Halafu Wabelgiji wakajenga mji wao ziwani, tangu 1927 ukaitwa Costermansville, na Mwafrika wakamweka juu kwenye milima, Kadutu na baadaye Bagira. Huko mtu alipewa nafasi ya kukaa, na aliyepewa ni mwanamume mwenye kazi. Mwanamke aliyeishi bila mume katika miji kadhaa ya Kongo ya Wabelgiji alitozwa kodi kwa sababu hiyo tu. Sasa unashangaa jina lake halimo?

Mwaka 1952 ikaundwa Office des Cités Africaines, ile OCA ambayo wazee wa Bagira bado wanaitaja. Ikajenga nyumba za matofali kwa safu. Mwaka 1953 ikaja dekreti ya kumruhusu Mkongomani kumiliki nyumba yake binafsi. Mlango ulifunguka, lakini aliyesimama mlangoni alikuwa baba mwenye mshahara.

Tukavuka uhuru. Sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 ikasema udongo wote ni wa Serikali. Raia anapata konsesyo, na haki yake inathibitishwa na sertifika ya konsevatera wa hati za ardhi. Ndiyo karatasi tunayogombania mpaka leo. Kumbe tunachouza si udongo! Tunauza nyumba na haki ya kukaa juu yake. Mara nyingi naanzia hapo na wateja, inawapoza kidogo.

Kisha Kodi ya Familia, 1 Agosti 1987, iliyoanza kutumika mwaka mmoja baadaye. Hii kila msomi angepaswa kuifungua kabla ya kuposa, maana ilikuwa na nyuso mbili. Upande mmoja mume ni kichwa cha nyumba, mke anahitaji ruhusa yake kwa matendo ya kisheria yanayomfunga yeye mwenyewe. Upande wa pili, wanandoa wasipochagua chochote mbele ya état civil, mali waliyoipata ndani ya ndoa ni ya wote wawili, na nyumba ya pamoja haiuzwi bila mapatano ya wote wawili. Ruhusa ya mume ilifutwa na sheria ya 15 Julai 2016. Lakini ule upande wa pili ulikuwepo tangu mwanzo, umelala tu ndani ya kitabu.

Niliuona ukiamka katika nyumba moja ya Bagira. Walioana mbele ya état civil 1989, wakanunua nyumba miaka miwili baadaye kwa mshahara wa ualimu wa papa. Mshahara ukapotea katika ile miaka ya mwisho ya Mobutu, unakumbuka wazazi wetu walivyoanza kuwalipa walimu wenyewe. Mama akaingia kwenye sambaza. Vyumba viwili vya nyuma, choo, ukuta wa kuzuia mteremko usilete udongo wakati wa mvua: yote sambaza. Sertifika ilitoka kwa jina la papa peke yake.

Papa aliniletea mnunuzi akiwa tayari na dola. “Mudogo wangu, jina ni langu, tusaini leo.” Mama alikuwa ameshahamia kwa kaka yake Panzi. Nilimwambia papa kwamba bila sahihi ya mama mimi simpeleki mnunuzi kwa notère, kwa sababu sertifika inaonyesha nani aliandikishwa, haionyeshi ndoa iliyokuwepo siku ya kununua. Akanikasirikia sana. Nikapanda Panzi. Mama hakuniuliza bei. Aliniuliza: “Mwanangu, kwenye hiyo karatasi yenu, sambaza zangu ziko wapi?”

Hazimo. Ila cheti cha ndoa cha 1989 kilikuwepo, amekihifadhi kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kadi za chanjo za watoto. Karatasi hiyo ndiyo iliyomrudisha mezani. Wengi hawana hata hiyo: wameoana kwa mahari na kwa kanisa, hawakufika kwenye état civil, au wako katika kile Wakinshasa wanaita yaka tofanda. Kwao maître anaanza kazi kutoka chini kabisa.

Talaka yenyewe inapita tribinali ya amani, na hakimu analazimika kwanza kujaribu kuwapatanisha. Inachukua muda, mnunuzi hangoji. Yule wa Bagira aliondoka, akaja mwingine na bei ya chini. Safari hii walisaini wote wawili, papa kwa kalamu yake, mama kwa yangu, na pesa zikahesabiwa mara mbili katika bahasha mbili.

Tangu Februari 2025, M23 ilipoingia mjini na benki zikafunga, wanunuzi wenye pesa mkononi wamepungua. Nina nyumba mbili kwenye daftari ambazo wenyewe wamekubaliana kuuza na hakuna anayenunua. Moja wamepiga ukuta wa mbao katikati ya saluni. Papa anaingilia mlango wa mbele, mama anapitia jikoni.