Nyumba-mnara: si ngome, si kasri

Majengo ya mawe, membamba na marefu, ambayo wakuu wa koo za Uskoti waliyajenga kati ya karne ya 14 na ya 17, kwa Kiswahili huitwa ngome au kasri. Maneno yote mawili yanapotosha. Ngome humkumbusha msomaji Fort Jesus ya Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga 1593 kwa ajili ya askari na mizinga. Kasri humkumbusha masultani wa Unguja. Napendekeza nyumba-mnara, kwa sababu jengo hili kwanza ni makazi. Chini pana ghala lenye dari ya tao la mawe. Juu yake ni ukumbi, ambamo mkuu alikula na watu wake na kuamua mashauri, kisha vyumba vya kulala, na ngazi nyembamba ya kuzunguka inaviunganisha vyote. Craigievar, iliyokamilika 1626, bado imesimama hivyo.

Ukuta uliozunguka nyumba hiyo hauhitaji neno jipya: ni boma. Mwaka 1535 Bunge la Uskoti liliwaamuru wenye ardhi kubwa karibu na mpaka wa Uingereza wajenge kuta za aina hiyo, watu na mifugo wapate pa kukimbilia wavamizi wanapokuja. Msukuma wa Kharumwa, Tanzania, ambaye wazee wake walizungushia kaya minyaa na kulaza ng'ombe ndani, analielewa jambo hili mara moja.

Ataelewa pia kazi ya ukumbi ule, maana ikulu ni neno la huku, la Kisukuma na Kinyamwezi: makao ya mtemi, ambako watu walipeleka kesi zao. Ikulu nayo iliweza kuwa na kuta za vita. Januari 1893 Wajerumani wakiongozwa na Tom von Prince walipoingia katika makao ya Mtemi Isike, Unyanyembe, Isike alilipua ghala lake la baruti asikubali kushindwa. Kule Eilean Donan, Uskoti, makao ya ukoo wa Mackenzie, baruti iliyokuwa ndani ndiyo wanamaji wa Uingereza waliyoitumia kuyabomoa makao hayo mwaka 1719.

Hata hivyo, ikulu lisichukuliwe kuwa istilahi yenyewe. Utemi ulifutwa kisheria 1963, na leo neno hilo ni la Rais. Tulitumie kufafanua tu. Nyumba-mnara iwekwe katika ngeli ya I-/ZI-, umoja na wingi vilevile: nyumba-mnara hii, nyumba-mnara hizi.